Mbuzi wa Sikio Moja

Siku ya kuniaga, mkuu wetu wa ofisi alisimama mbele ya keki akanisifu kwa dakika kumi na mbili. Alisema sijawahi kuchelewa kazini. Alisema sijawahi kugombana na mtu. Alisema nilikuwa nguzo, taa na mama wa ofisi nzima. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na vikombe vya plastiki nikijiuliza ni nani huyo anayestaafu, maana mimi huchelewa kila theluji inapoanguka, na kuhusu kugombana, waulizeni watu wa mashine ya kahawa. Lakini makofi nilipiga pamoja na wengine. Sifa zikishaanza kutolewa hadharani huwezi kuzizuia, na hilo nitalirudia baadaye.

Nyinyi vijana mnaobaki kwenye kazi ya ukalimani mliniomba niwaandikie ninayoyakumbuka. "Auntie, andika hata kwenye simu," mkasema. Nimeandika kwenye daftari, kwa kalamu, mtanisamehe. Habari za kupanda cheo mtazikosa, kwa sababu nilipanda mara moja tu, kutoka kiti cha plastiki hadi kiti chenye magurudumu. Nitawaeleza siku za kwanza, mwalimu wangu, vifaa vyangu, na kesi moja ambayo nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu nalia. Wenyewe wa kesi wamenipa ruhusa, na mmoja wao ameniamuru kabisa. Majina ya watu nimeyabadilisha. La mbuzi sikulibadilisha kwa sababu hakuwa na jina.

Mimi ni mzaliwa wa Uvira. Nilipofika Toronto nilianzia kwenye ghala moja kule Malton, jirani na uwanja wa ndege, nikipanga vijiko kwenye trei za chakula cha abiria. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuulizwa maswali. Jumapili moja kanisani likatoka tangazo kwamba wanatafutwa watu wanaojua Kiswahili na Kiingereza, wa kuwasemea wakimbizi mbele ya baraza linalosikiliza maombi yao. Nilikwenda. Mtihani wangu wa Kiswahili ulisimamiwa na bwana mmoja asiyejua Kiswahili hata neno moja, akanipa alama za juu sana.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Hasanali, mzee wa Tanga, mwenye tai kila siku na chupa ya chai ya tangawizi. Siku yangu ya kwanza alikaa nyuma akinisikiliza. Mama mmoja alikuwa akieleza jinsi alivyokimbia kwao, na mimi nikawa nasema kwa Kiingereza, "Anasema alikimbia, maskini." Mapumziko yalipofika Bwana Hasanali aliniita kwenye korido.

"Mama Neema, huyo 'maskini' umemtoa wapi?"

"Samahani, Bwana Hasanali. Nilimwonea huruma."

"Huruma yako iweke kwenye mkoba, utaikuta jioni. Mle ndani wewe huna huruma, huna hasira, huna hata kikohozi. Na hiyo 'anasema' pia uiache. Akisema 'nilikimbia', nawe sema 'nilikimbia'. Kuongeza ni uongo, bibi. Kupunguza ni uongo vilevile."

Basi kwa miaka yote hiyo nimekuwa watu wengine. Nimezaa mapacha msituni. Nimeota ndevu. Nimemkana mke wangu mbele ya watu kisha nikaomba msamaha, yote asubuhi moja, nikiwa na mafua. Vifaa vyangu vilikuwa daftari dogo, kalamu mbili, viatu visivyolia, pipi za koo zilizokwishatolewa kwenye karatasi zake ili zisipige kelele, na ndizi moja, kwa sababu baraza likinogewa halikumbuki chakula cha mchana. Shikeni hayo, hasa ndizi.

Katika kazi hii mtakutana na makomanda. Hawaji wenyewe, wanakuja kwenye video. Kila vita vya wenyewe kwa wenyewe huko kwetu, na msiniulize ni vita vipi maana nimepoteza hesabu, huisha kwa ushindi, na kila ushindi una hotuba yake. Niliwahi kutafsiri hotuba za pande mbili za vita hivyo hivyo, za wiki hiyo hiyo. Pande zote mbili zilikuwa zimeshinda.

Hotuba ya Komanda Radi ililetwa na mzee mmoja wa Pickering, mji wa kando ya Toronto, aitwaye Mzee Rubeni. Mkwe wake, Byamungu, alikuwa ameomba ukimbizi. Byamungu alikuwa mtu wa mwili mdogo, anapanga kuku walioganda kwenye kiwanda kimoja cha Downsview na Jumapili anaimba sauti ya tatu kwenye kwaya. Mke wake, Furaha, na binti zao watatu walikuwa bado kambini. Akikubaliwa, angeweza kuwaleta. Akikataliwa, angerudishwa, nao wangebaki huko huko kwenye hema.

Mzee Rubeni, kwa kutaka kumsaidia, alikwenda mwenyewe barazani na barua ya kumtetea mkwe wake, na ndani ya bahasha akatia flashi yenye video. Hakumwambia wakili. Aliona kuna haja gani, wakati sifa zimo humo humo, tena zimetoka kinywani mwa komanda? Ni watu wa kwetu tu wanaoweza kukosea hivi. Mtu yuko barazani kuthibitisha kwamba hakuua, na baba mkwe wake analeta ushahidi kwamba aliua vizuri.

Karatasi ya kazi ilifika mezani kwangu imeandikwa nitafsiri kutoka mwanzo hadi dakika ya ishirini. Nikavaa vipokea sauti.

Komanda Radi alikuwa amesimama juu ya dawati la shule, miwani myeusi, fimbo mkononi. Alianza kwa kuwaambia askari wake kwamba wamepigana mpaka vita vyenyewe vimechoka. Alikisifu kikosi cha pili, ambacho kwa akili nyingi kilimzunguka adui kwa mbali sana mpaka adui hakukiona. Alisifu nidhamu ya jeshi lake, na wakati huo huo nyuma yake askari wawili walikuwa wakipita na godoro la mtu. Aliporudia neno nidhamu walikuwa wanarudi kuchukua mlango. Kisha akavua kofia kumlilia Sajini Kafupi, aliyemwaga damu yake yote kwa ajili ya taifa. Sajini Kafupi alikuwa kwenye mstari wa pili. Alivua kofia na yeye, akajiombolezea kwa adabu, kwa kuwa si mtu wa kumbishia mkubwa wake.

Halafu komanda akanyoosha fimbo. "Na Byamungu, simba wa kilima! Aliwalisha adui risasi mpaka wakacheua!" Makofi. Kamera ikamgeukia Byamungu, ndani ya koti lililomzidi mikono, na uso wa mtu anayeumwa jino.

Dakika ya ishirini ilipofika nilizima. Niseme ukweli, nilikuwa nimemchoka komanda, na ndizi ilikuwa inaningoja. Nilijua vizuri kinachofuata. Kwetu, komanda akimaliza kusifu, husimama katibu na orodha ya waliolisha jeshi, na hapo ndipo kila mtu anaelewa sifa zilitoka wapi. Aliyetoa mbuzi huitwa simba. Aliyetoa kuku wawili huitwa chui. Baba yangu, ambaye hakuwahi kushika hata manati, aliitwa chui wa ziwa kwa ajili ya majogoo wawili waliochukuliwa uani kwake, akatembea kifua mbele wiki nzima. Hayo yote niliyajua, lakini hayakuwa kwenye karatasi ya kazi. Nikatia tafsiri kwenye bahasha nikaenda zangu nyumbani.

Siku ya kesi, wakalimani wa Kiswahili tukiwa wachache, nilipangwa mimi mwenyewe kukalimani. Chumbani kulikuwa na mwamuzi, mama mwenye sauti laini ya kumwamshia mtoto. Kulikuwa na wakili wa Byamungu, kijana aliyesoma tafsiri yangu asubuhi ile na tangu hapo hakuwa na rangi usoni. Nyuma alikaa Mzee Rubeni, suti ya kahawia, ameketi wima, amekuja kusikiliza mkwe wake akisifiwa kwa Kiingereza. Kanisani Downsview, kwa sababu yake, watu walimwita Byamungu Simba. Hata kwenye daftari la kwaya aliandikwa Simba.

"Bwana Byamungu," mwamuzi aliuliza, "komanda anakuita simba wa kilima. Ulifanya nini kwenye kilima hicho?"

Byamungu hakumtazama mwamuzi. Aligeuka nyuma akamtazama baba mkwe wake, aliyemtikisia kichwa kwa kumtia moyo.

"Ile siku," akasema polepole, "nilipiganaka kidogo."

Nikasema kwa Kiingereza kwamba nilipigana kidogo.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo ya katikati, mama juge," akajibu; juge kwetu ni hakimu.

"Uliwapiga risasi watu wangapi?"

Alilamba midomo. "Sikubahesabu."

Sikuwahesabu. Niliitamka sentensi hiyo kwa nafsi ya kwanza, kwa sauti inayosikika, bila kikohozi. Katika kazi yangu yote sikuwahi kusema maneno mabaya kuliko hayo, na wakili aliweka kalamu yake chini. Yule mtu alikuwa anajirudisha mwenyewe alikotoka, na kuwaacha mke na watoto watatu kwenye hema, ili tu mzee aliyekaa nyuma asiaibike. Nilikasirika. Nilitaka kumpiga kwa daftari.

Mwamuzi alitupa mapumziko. Kwenye korido Mzee Rubeni alinifuata.

"Mama, ile simba uliiweka muzuri mu Kingereza?"

"Mzee wangu, shikamoo, lakini siruhusiwi kuongea nanyi habari za kesi."

"Najua, najua. Lakini ilisikilika?"

Niliingia chooni nikasimama mbele ya kioo. Kama ningewaambia habari za baba yangu na majogoo wake, hiyo ingekuwa kuongeza, na ningestahili kufukuzwa. Lakini mle chumbani hakuna aliyejua kwamba tafsiri ile imekatwa katikati. Wote walidhani wamesoma hotuba nzima, na mimi niliyejua nilikuwa nimenyamaza. Bwana Hasanali alinifundisha sheria mbili, na mimi kwa uvivu na ndizi nilikuwa nimeshika moja.

Tuliporudi niliinua mkono. "Mkalimani anaomba kusema kwa niaba yake mwenyewe."

"Sema," mwamuzi alijibu.

"Rekodi ina dakika arobaini na moja. Niliagizwa kutafsiri ishirini. Zilizobaki hazijatafsiriwa na mtu."

Nikakaa. Byamungu alinikazia macho kwa hofu ambayo haikuwepo hata alipoulizwa habari za risasi. Yeye alijua kilichomo. Mwamuzi na wakili wakaongea, kisha ikaamuliwa video ichezwe palepale, nami nitafsiri inavyokwenda.

Komanda alishuka kwenye dawati. Akapanda katibu, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kamba. Akafungua daftari.

"Kwa niaba ya jeshi, tunawashukuru simba wetu. Simba Mateso, mbuzi jike mmoja, mnene. Simba Kizito, mbuzi mmoja pamoja na kamba yake. Simba Byamungu wa kilimani, mbuzi dume mmoja, mweupe, wa sikio moja."

Sauti ya Komanda Radi ikasikika pembeni, mdomo umejaa. "Ule alikuwa mugumu sana! Tulimupika toka asubui!" Jeshi zima likacheka.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye sikio kwa Kiingereza, nikasikia kiti cha Mzee Rubeni kinaanguka nyuma.

"Ile ni mbuzi yangu!"

Sheria inasema kila kinachotamkwa chumbani lazima kitafsiriwe. Nikageuka kwa mwamuzi nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile, kwamba yule ni mbuzi wangu.

"Byamungu! Ile mbuzi nilikuachiaka wakati nakimbia! Ulisema ilikufa na kuhara!"

"Baba mukwe, tafazali..."

"Nililia! Nililia mbuzi miye, mu Pickering, batu bananiuliza ni nani amekufa!"

Nikatafsiri yote, pamoja na kuhara. Nililia mbuzi mimi, Pickering. Wakili alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mwamuzi alimwomba mzee aketi, akamngojea mpaka akaketi, halafu akamgeukia Byamungu kwa ile sauti yake laini.

"Niambie habari za huyo mbuzi."

Byamungu alilia kwanza. Alilia kwa muda mrefu, na hilo halitafsiriwi, unasubiri tu.

"Bale basoda ba komanda balikuya asubui, nikiwa nanawa uso," akasema. "Banne. Banasema, tupe mbuzi ao tukuende na wewe. Nikabapa mbuzi. Halafu banasema, siku ya ushindi ukuye usifiwe. Mwenye hakuye kusifiwa, ni adui. Nikaazima koti. Mama juge, miye sikushikaka bunduki hata siku moja. Hata kuku, Furaha bibi yangu ndiye anachinjaka. Miye naenda inje."

"Kwa nini hukusema haya tangu mwanzo?"

Alifuta uso kwa kiganja. "Nilipotezaka mbuzi yake. Nilipotezaka nyumba ya binti yake. Ile video alipoiona, alifurahi pale pa simba, akazima, kila siku anarudilia pale tu. Hakukuwa kitu ingine ya kumufurahisha yenye nilikuwa nayo."

Hayo nayo niliyasema kwa nafsi ya kwanza. Huruma ilikuwa kwenye mkoba, lakini mkoba niliusikia.

Wakalimani hatuambiwi matokeo. Nilisikia kanisani, baada ya majuma kadhaa, kwamba amekubaliwa. Sijui mwamuzi alipima nini na nini, wala si kazi yangu kujua, ila nadhani si rahisi kumtunga mzee wa watu anayeangusha kiti kwa uchungu wa mbuzi. Nilimpigia simu Bwana Hasanali, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na anaumwa miguu, nikamweleza bila kutaja majina.

"Uliongeza?" akauliza.

"Hapana."

"Ulipunguza?"

"Nilikuwa nimepunguza. Nikarudisha."

"Basi," akasema, akaanza kunieleza habari za miguu yake. Hizo ndizo sifa kubwa nilizowahi kupewa, kubwa kuliko zile za keki.

Mzee Rubeni hakusema na mkwe wake msimu mzima wa baridi. Walikuwa wanakaa benchi moja kanisani, katikati wameweka Biblia. Kwaya iliendelea kumwandika Simba, baadaye mtu akafuta, akaandika Byamungu. Hakuna aliyecheka mbele yake. Nyuma yake walicheka sana, na mimi nikiwemo.

Mwaka huu, majuma machache baada ya keki yangu, Furaha na binti zake walifika. Nilialikwa kwenye karamu Pickering, na kwa mara ya kwanza niliweza kwenda, kwa sababu mkalimani aliyestaafu anaruhusiwa kula na watu. Nyumba ilijaa. Kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, samaki, na watoto wa hapa wengi, wale wanaosikia Kiswahili nusu na kujibu kwa Kiingereza. Mbuzi pia alikuwepo, kwenye sufuria. Mzee Rubeni alisimama, suti ile ile ya kahawia, akagonga glasi kwa kijiko. Byamungu akainamisha kichwa. Kila mtu alidhani sasa itatoka ile ya simba.

"Miye nilikuwa nasifu mukwe wangu kwa batu benye hakuuaka," akaanza. "Nilikuwa mujinga. Leo nataka kumusifu vizuri. Huyu mutu hakuua mutu. Balimuambia achague, akatoa mbuzi, tena haikuwa yake." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono kwa wale wasichana watatu waliobanana kwenye kochi na masweta yao mapya. "Kama angeikatalia ile mbuzi yangu, hawa bangeniitaka babu wapi? Mutu anaua, banamupigia makofi. Huyu hakuua. Mumupigie yeye."

Makofi hayakuja mara moja, kwa sababu watoto wa hapa walikuwa wanatazamana, wanaulizana mzee amesema nini.

"Mama Neema," akaniita, "ambia batoto mu Kingereza. Usipunguze."

Nilisimama. Nilisema kwa nafsi ya kwanza, kama nilivyofundishwa, kwamba mkwe wangu hakuua mtu. Hapo kikohozi kikanishika, jambo ambalo halikuwahi kunitokea barazani, na pipi zangu zilikuwa nyumbani kwenye mkoba wa kazi. Mzee Rubeni alisubiri. Byamungu alikuwa ameinua kichwa. Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza kama hiyo ndiyo yote, nikamwambia bado, kuna na mbuzi.